Beki Mpya, Goti la Zamani

Jumapili ya Julai, mjini Bytom,
nyuma ya nyumba za matofali yaliyokula moshi wa makaa,
tumekaa chini ya banda la njiwa la Alojzy,
shingo zimepinda, macho magharibi.
Njiwa wameachiwa alfajiri huko Ujerumani
na ligi inaanza baada ya siku kumi na tatu.
Tunasubiri mawili kwa mpigo, na bia imeshapata moto.

Hubert kaja na gazeti, kalikunja kama fimbo.
"Thelathini na minne!" Analichapa paja lake mwenyewe.
"Na goti limefunguliwa mara mbili kama jokofu.
Tumeuza kijana, tumenunua mgonjwa.
Huyo Simurka akianza kugeuka
nenda kanunue soseji, panga foleni, weka haradali,
rudi: bado anageuka."

Bożena amekata tiketi dirisha la pili
tangu enzi za kuponi za nyama.
Anamenya mbegu ya alizeti, anatema ganda.
"Msimu uliopita tumefungwa sitini na moja.
Kumi na tisa ni za kona. Nimeziandika
kwenye daftari la bili za umeme.
Kumi na tisa, Hubert,
na hao vijana wako wenye mbio wamesimama
kama watu wanaotazama harusi ya jirani."

Mimi nilikwenda mechi ya kirafiki, Jumatano, mvua,
watazamaji mia mbili, nusu yao wajomba wa wachezaji.
Nilimwona.
Hakuruka. Hakuteleza chini hata mara moja;
kaptula yake ilitoka nyeupe kama ilivyoingia.
Ila alipiga kelele, Kislovakia kikigongana na Kipolandi:
kushoto! kushoto! mama yangu mzazi, kushoto!
Na Tymek, beki wetu wa pembeni,
kwa mara ya kwanza maishani
akajua kushoto ni upande gani.

"Kumbe tumesajili spika," akasema Hubert.

Hapo ndipo Alojzy, bila kushusha macho,
yeye wa miaka ishirini na saba chini ya ardhi,
yeye wa sikio moja linalofanya kazi:
"Kule shimoni walituletea nguzo za chuma.
Nzuri. Zinang'aa.
Lakini sisi tulichomeka gogo la msonobari katikati yake.
Chuma hakisemi. Kinanyamaza, kinanyamaza,
halafu kinakuachia mlima.
Gogo hulia kwanza.
Lilinilia mimi, mwaka wa themanini na tisa, usiku."

Tukanyamaza. Kwa mbali treni ya mizigo
ilihesabu mabehewa yake.

"Sawa," Hubert akasema. "Na hilo gogo, lilivunjika?"
"Lilivunjika."
"Si ndiyo hayo!"
"Hayo yapi? Mimi nilikuwa nimeshatoka."

Ugomvi ukawaka upya. Mshahara wake.
Mkewe, ambaye eti anataka kuishi Katowice tu.
Jezi namba tano, aliyoivaa marehemu Gerard
hadi nyeupe ikawa kijivu: apewe nani, kwa haki gani?
Bożena kasimama. Hubert kasimama.
Sikuwaambia kwamba nimeshailipia,
jina lake mgongoni, na dukani wamesahau herufi moja.

"Alojzy," Bożena akakatiza, sauti imeshuka,
"yule juu ya bati ni nani?"

Jike la buluu. Pete mguuni.
Anajichokonoa bawa, hana habari na mtu,
na saa ya mashindano haijaguswa.
Dakika nne? Tano? Alojzy anatikisa kopo la mahindi,
anabembeleza, anatukana, anabembeleza.
Njiwa kageuza mgongo.

Hubert ndiye aliyeuliza, taratibu,
gazeti limemwanguka:
"Nani alikuwa anamkaba?"

Tukanyoosheana vidole,
safu nzima ya ulinzi.